Macho ya Kijani ya Fundi Shiundu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku kubwa. Tarehe nimeiandika kwa wino mwekundu ili wajukuu wasihangaike kuitafuta.

Nimetoka Eastleigh kwa Aweys, yule anayeniuzia fremu. Leo hakunionyesha fremu. Alitoa kijisanduku chini ya meza, akakifungua polepole, na ndani mlikuwa na lenzi mbili za kuvaa juu ya mboni yenyewe. Laini! Nyembamba kama ganda la kitunguu. Na rangi yake kijani. Mtu anaingia chumbani na macho yake ya kawaida, anatoka na ya kijani, na fremu hakuna. Aweys alikuwa na jozi sita. Nimebeba zote.

Akasema lenzi hizi zina maji yake ya kuzioshea, chupa inauzwa kando, na nisithubutu kuzivaa bila hayo. Nilicheka mpaka akacheka. Maji ya kununua! Mimi naishi Umoja. Maji yetu huja Jumanne na Ijumaa, na kila nyumba ina mitungi imejaa hadi mlangoni. Karatasi ya maelezo imeandikwa kwa maandishi ya Kikorea au ya Kijapani. Nimeifungia mandazi. Fundi hasomi karatasi.

Atakayeokota daftari hili siku moja ajue anasoma habari za nani. Patrobas Shiundu, Shiundu Macho Bora, mkabala na soko. Miaka kumi na miwili nilikata lenzi za miwani Industrial Area kabla ya kujitegemea, na jicho langu la kulia linajulikana. Nafumba la kushoto, nainua lenzi, na katikati yake naiona papo hapo. Wengine hutumia mashine. Mimi Mungu alinipa jicho. Nikilikosa hilo, nitafagia karakana za watu.

Mpango ni huu: nizivae mwenyewe. Tangazo linalotembea! Yule Kavinya wa Kaloleni atajua hajui. Kavinya ni mpima macho, kliniki yake iko karibu na ukumbi wa mtaa. Ana diploma ukutani, koti jeupe, na mashine ya kuwekea kidevu. Wateja wangu watatu wamehamia kwake mwaka huu, na mmoja ni binamu yangu wa damu.

Jumanne, 6 Agosti

Zimeingia!

Saa nzima mbele ya kioo cha bafuni. Ya kulia ilidondoka mara nne, mara moja ndani ya ndoo. Nikaisafisha kama mafundi tunavyosafisha lenzi tangu zamani: pumzi, mate kidogo, pindo la shati. Ikang'aa vizuri sana.

Asenath, mke wangu, aliponiona aliangusha mwiko. Akauliza nimeingiwa na nini. Nikamwambia ni sayansi. Akasema sayansi ingeanza na bati linalovuja. Mke wangu ni mshonaji, na ulimi wake una ncha kali kuliko sindano zake. Sikumjibu. Mtu mkubwa hajibu kila kitu.

Nje, shangwe! Watoto walinisindikiza mpaka sokoni wakiimba paka, paka. Kijana mmoja wa kuuza kaseti akaniuliza niaje buda, umetoka majuu lini. Nikamwitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyetoka Ulaya kweli. Mzee Maingi, dereva wa lori na mteja wangu wa kudumu, alisimama mlangoni akaomba kuonana na Shiundu. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema atarudi siku ambayo Shiundu yuko.

Jioni nimezilaza ndani ya kikopo cha filamu ya picha. Maji ya mtungi, chumvi kidogo. Maji yenyewe hayajakaa sana, ni ya Ijumaa.

Alhamisi, 8 Agosti

Kuzivua ni kazi kubwa kuliko kuzivaa. Jana nimelala nazo. Uamuzi wa busara: asubuhi niliamka nikiwa tayari nimevaa.

Biashara inanukia. Everline, msichana wa saluni, anaolewa mwezi ujao na anataka macho ya kijani siku ya harusi. Wasimamizi wake wawili nao wanataka. Nikawaambia subira, niko kwenye majaribio. Neno hilo liliwapendeza.

Halafu nani akapita? Kavinya! Alikuwa amekuja sokoni kununua pojo. Akasimama, akaniangalia. Hakuangalia rangi, hapana. Aliangalia kandokando ya lenzi kama askari anayetafuta stika ya bima. Akauliza naziosha na nini. Nikajibu kwa njia za kitaalamu. Akauliza usiku nazivua. Nikajibu kwamba nilikuwa nakata lenzi yeye akiwa darasa la nne.

Hata hakukasirika. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayeelekeza njia, kwamba jicho lenye lenzi likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likaona ukungu, nitoe lenzi palepale, nisitie dawa yoyote, nifike kwake siku hiyohiyo. Eti konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kikiingiliwa na wadudu hakingoji wiki.

Wivu mtupu. Nimeandika maneno yake hapa ili siku moja nimcheke nayo.

Jumamosi, 10 Agosti

Jicho la kulia limekuwa jekundu kidogo.

Sikubabaika. Nilijikalisha kwenye kiti cha wateja, nikajipima kwa tochi na kioo cha kunyolea, nikajijazia kadi kama mgonjwa mwingine yeyote. Mgonjwa: mwanamume, miaka arobaini na moja, sura ya heshima. Malalamiko: kama mchanga ndani ya jicho. Sababu: baridi ya Agosti, ikisaidiwa na vitunguu vya Asenath. Tabia ya mgonjwa: mvumilivu.

Tiba nilikuwa nayo. Kwenye droo kuna chupa ya matone aliyoisahau mteja zamani. Kibandiko kimebanduka, lakini nakumbuka alisema hiyo kitu inafukuza wekundu kama polisi. Matone mawili. Mawili mengine baada ya chai. Kufikia saa kumi jicho lilikuwa karibu jeupe! Lenzi sikuitoa. Itakuwa kama bandeji.

Asenath akasema mganga hajigangi. Nikafungua jicho nikamwonyesha weupe wake. Akanyamaza. Mara ngapi nimemnyamazisha mwanamke huyu kwa miaka kumi na sita? Hii ni ya pili.

Jumapili, 11 Agosti

Wekundu umerudi na ndugu zake. Mwanga unachoma. Jua la dirishani lilipoingia nilijikuta nimejifunika shuka.

Kanisani lazima niende, na mpima macho hawezi kwenda kanisani na jicho bovu. Watu watasema nini? Mwenye hoteli anakula kwa jirani! Kwa hiyo nikavaa miwani nyeusi, ile kubwa ya dirisha la duka. Nilipendeza, kusema kweli.

Tatizo ni Mzee Wakoli. Huyu ni mzee wa kanisa, na macho yake mwenyewe ni ya kubahatisha, lakini aibu ya mtu huiona kutoka mbali. Aliangalia ile miwani nyeusi. Akamwangalia Asenath, ambaye siku hizi mikono yake ina nguvu kwa ajili ya cherehani. Akaunganisha. Kwenye maombi akasimama akaombea nyumba ambamo mwanamume anapigwa na kuficha machungu yake.

Kanisa zima likageuka. Waa! Asenath alikaa wima kama mlingoti.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikapiga hesabu ya haraka: lipi bora, Shiundu aliyepigwa na mkewe, au Shiundu mpima macho mwenye macho mabovu? La kwanza hata linaleta huruma. Nikaufunga mdomo. Nikainamisha kichwa kidogo, kwa huzuni.

Njiani Asenath alitembea hatua kumi mbele yangu.

Jumatatu, 12 Agosti

Ujumbe umekuja, kama desturi ilivyo nyumba ikisemwa kuwa na vita. Mzee Wakoli, wazee wengine wawili, na mama mmoja wa kumshika Asenath mkono. Walinywa chai na mkate wote. Kisha wakamshauri mke wangu kwa zamu. Wakasema hasira ni moto. Wakasema mume ni kichwa, na kichwa hakipigwi. Asenath aliwatazama tu, mikono mapajani.

Taa ya sebuleni ilikuwa inanichoma kupitia miwani. Machozi yakaanza kutiririka, ya jicho moja, bila kukoma. Mama yule akasema tazameni, moyo umepasuka. Wazee wakaguswa. Na mimi nikaguswa. Ilikuwa kazi nzuri sana ya machozi, japo sikuifanya mwenyewe.

Hapo ndipo Asenath aliinuka, akavuka chumba, akaichomoa ile miwani usoni pangu.

Akainama. Akasema, kwa sauti nyingine ambayo sijaizoea, Baba Ayuma, kuna kitu cheupe ndani ya jicho lako. Kama punje ya mchele iliyovunjika, juu ya lile duara.

Nikasema ni mwanga wa taa. Mzee Wakoli akasogea mpaka pua ikagusana na yangu, akatamka kwamba haoni chochote, lakini kipigo cha namna hiyo hajapata kukiona. Wakaomba mara ya mwisho, wakaondoka na mkate uliobaki.

Asenath akaniambia niende kwa Kavinya kesho. Nikasema afadhali nife. Akasema hilo nalo linawezekana, lakini kwanza nitapofuka.

Jumanne, 13 Agosti

Sitaandika mengi. Naandika kwa jicho la kushoto.

Mzee Maingi alikuja kuchukua miwani niliyomkatia jana. Akaivaa, akatoka barabarani, akarudi akiuliza kwa nini barabara imezaa. Nikamwambia macho huhitaji siku mbili tatu kuzoea. Akasema yeye huendesha lori la tani saba, na hizo siku mbili tatu watu wa Jogoo Road watakuwa wapi? Akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha yai.

Alipoondoka nikainua lenzi mpya. Nikafumba la kushoto. Nikatafuta katikati.

Hakuna. Ukungu tupu, kama bafuni mtu anapooga maji moto. Nikajaribu lenzi ya pili, ya tatu. Nikafunga mlango wa duka saa nne asubuhi, nikakaa sakafuni nyuma ya kabati, na nasema ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma: niliogopa. Mikono yangu haijui kazi nyingine. Ayuma wangu anafanya mtihani wa darasa la nane mwaka huu, na baba yake hajui kupika chapati wala kuchimba mtaro.

Nitakwenda kwa Kavinya.

Lakini si kama Shiundu! Hapo ndipo akili inapotofautiana na akili. Nitakwenda kama kibarua wa Mukuru kwa Njenga. Kofia ya sufu, koti la zamani la kazi, jina Mbaluka. Lenzi ya kushoto nimeshaivua; ya kulia imegoma, lakini ndani ya wekundu huu nani ataiona? Nitapata dawa na heshima yangu itabaki Umoja.

Jumatano, 14 Agosti

Nilitembea mpaka Kaloleni ili viatu vipate vumbi la kibarua. Nikapanga foleni. Hakuna aliyenijua. Hata binamu yangu, ambaye alikuwa mbele yangu, hakunijua!

Zamu yangu ikafika. Kavinya akasoma jina kwenye kadi, akatabasamu, akanisalimia kwa Kikamba.

Wacha! Nilichagua Mbaluka kwa sababu ni jina zuri. Sikukumbuka lina wenyewe. Nikakohoa. Akanisalimia tena, salamu ndefu zaidi, inaonekana ilikuwa inaulizia ng'ombe. Nikakohoa kwa muda mrefu zaidi. Akaacha, akaanza maswali kwa Kiswahili.

Lilianza lini? Jana, nikasema. Kazi gani? Karakana ya vinyago, nachonga, kibanzi cha mti kimeniruka. Umetia dawa yoyote? Hapana. Unavaa lenzi? Nikacheka kicheko cha kibarua, nikasema lenzi ni nini.

Aliandika yote. Akaniambia nimsikilize vizuri, maana jibu hili ndilo litakaloamua jicho lipone au life. Kama ni kibanzi cha mti, huenda ni kuvu, na kuvu ina dawa yake. Kama ni lenzi na maji machafu, ni wadudu wengine, wakali, na dawa ni nyingine. Akifuata njia moja na mimi nikiwa wa njia nyingine, jicho litaliwa huku tunatazama. Akauliza mara ya pili. Ni mti?

Nikaapa ni mti.

Akaniambia niweke kidevu kwenye mashine. Taa ndogo ikapita. Akavuta kope ya chini kwa kidole, akaniambia nitazame juu, kisha kwa vidole viwili akabana kitu na kukitoa taratibu. Akakiinua mbele ya dirisha. Kilikuwa cha kijani.

Akavua glavu, akauliza ni kibarua gani wa Mukuru ana jicho moja la kijani. Halafu akasema, Bwana Shiundu, vua kofia, kuna joto.

Sijui alinijua saa ngapi. Nadhani tangu mlangoni. Nilivua kofia.

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma, maana nilikuwa nimeshajiandaa kwa kicheko. Aliitia ile lenzi ndani ya kichupa safi akasema itakwenda maabara. Akagusisha jicho kikaratasi chembamba chenye rangi ya chungwa, akawasha taa ya bluu, akanipa kioo nijitazame kwa jicho zima. Pale kwenye punje ya mchele paling'aa kijani kikali. Akasema rangi hiyo hushika mahali ambapo ngozi ya konea imekwishaliwa. Konea isiyo na jeraha haishiki rangi. Hicho ni kidonda, na kiko umbali wa punje ya ufuta kutoka katikati. Kikifika katikati kitaacha kovu pale ninapotazamia.

Akauliza upya, na mara hii nikasema. Mtungi. Chumvi. Kikopo cha filamu. Kulala nazo. Matone ya droo. Niliposema mate, kalamu yake ilisimama. Akaniambia kinywa cha binadamu kina wadudu wengi kuliko choo cha soko, na ile chupa ya kufukuza wekundu haikufukuza wadudu hata mmoja. Ilifukuza walinzi. Jicho likawa jeupe huku nyumba inaibiwa.

Nikamwomba anipe dawa niende. Akakataa! Akasema kidonda cha namna hii yeye hakitibu peke yake, na mpima macho anayejua kazi yake anajua pia pa kuikabidhi. Akapiga simu mjini kwa daktari mkubwa wa macho, akaandika barua, akatuma mtu Umoja kumwita Asenath aje na kile kikopo, nacho kiende maabara. Ndani ya saa moja mke wangu alikuwa mlangoni na leso kichwani na sindano bado imechomekwa kwenye blauzi. Tukaenda mjini, na yule daktari alikwangua konea yangu kwa kijisu baada ya kuitia ganzi, akapaka uchafu wake kwenye vioo vya maabara. Mimi nilitulia. Daktari mwenyewe alisema nimetulia vizuri. Liandikwe hilo.

Matone kila saa. Mchana na usiku. Niende kwa Kavinya kila siku aangalie kama kidonda kinakua au kinarudi nyuma.

Ijumaa, 16 Agosti

Kila saa! Asenath ameazima saa ya mezani yenye kengele. Ikilia anaamka, ananawa mikono kwa sabuni, ananifungua kope, tone, anaandika kwenye karatasi ukutani, analala kwenye kiti. Tangu Jumatano hajashona nguo hata moja. Mwanamke ambaye kanisa zima linaamini alinipiga. Nilimtazama amesinzia na mdomo wazi, nikaona haya, haya ya kweli, nikataka kumwambia. Kengele ikalia.

Habari njema: majibu ya maabara. Wadudu wa jicho langu na wadudu wa kile kikopo ni walewale! Kavinya akasema ni aina kali sana, inayoweza kula konea nzima kwa siku chache, na kwamba tumewahi kwa bahati. Lazima nikiri niliona fahari kidogo. Wadudu wa kawaida wasingeniweza.

Leo alileta wanafunzi watatu wa upimaji macho wanitazame. Kila mmoja aliweka jicho kwenye mashine akasema aah. Nikawapa maelezo kidogo kuhusu kidonda changu, dalili nne, hatari ya matone ya droo. Nilieleza vizuri mpaka mmoja akaniita mwalimu. Kavinya akawaambia waandike kila kitu nilichosema, halafu wakumbuke ni kitu gani nilifanya.

Kidonda hakijakua. Kingo zake zinaanza kufifia.

Nilipokuwa nachukua koti akaniuliza ile habari ya kanisani, maana imefika mpaka Kaloleni. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nimeficha maradhi nikamwacha mke wangu aumbuke. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani, na lilikuwa zito kuliko koti.

Jumapili, 18 Agosti

Nimesimama kanisani. Mwenyewe, bila kusukumwa. Bila miwani.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema ndugu, mke wangu hakunipiga. Minong'ono. Nikasema jicho hili liliumia kwa kazi ya sayansi, kwamba mimi Shiundu nililitoa sadaka ili watu wa Umoja wajue hatari ya lenzi zisizooshwa vizuri. Hapo nikaona yanaenda vizuri, nikaongeza kidogo. Nikataja mahali duka lilipo.

Asenath akasimama. Akasema, kwa heshima ya nyumba ya Mungu, ataongeza mambo mawili matatu. Akaongeza yote! Mate, mtungi, kikopo, droo, Mbaluka, kikohozi. Alipofika kwenye kikohozi watu walikuwa wamelaza vichwa kwenye viti vya mbele. Mchungaji alijifuta macho kwa kitambaa. Mama wa ule ujumbe alicheka hadi kilemba kikafunguka.

Kisha Asenath akasema jambo moja la mwisho, na kicheko kikakatika. Akasema huyu ni mume wangu, jicho hilo ndilo linalotulisha, na nimelitia dawa mara themanini na tisa kufikia asubuhi hii. Mkitaka kujua mikono yangu imefanya nini, ndiyo hiyo. Akakaa.

Mzee Wakoli alivuka kanisa mbele ya watu wote akaenda kumpa mkono. Jioni ujumbe ulirudi, walewale, na kuku. Kuku wa Asenath, si wangu. Aliwapa strungi, chai kavu isiyo na maziwa, bila mkate, nao wakainywa yote wakashukuru.

Walipoondoka nilimwambia samahani. Nilimwambia kwa Kiluhya, maana kwa Kiswahili ingekuwa kama nasema na mteja. Akaniambia nifungue jicho, saa imefika.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimepona!

Kavinya alitia ile rangi, akawasha taa ya bluu, na hakuna kilichong'aa. Kovu lipo, dogo, pembeni, kama alama ya chanjo. Nilisoma ubao wake mpaka mstari wa pili kutoka chini. Akasema kovu halijagusa katikati, na ningechelewa siku mbili zaidi tungekuwa na mazungumzo mengine.

Lenzi nisivae, na nisimvalishe mtu nisiyejua kumpima konea. Everline ameshaamua kuolewa na macho aliyozaliwa nayo. Asenath alimfikia kabla yangu. Zile jozi tano Aweys amezipokea tena, ingawa alisema kwa sauti kubwa kwamba aliniambia kuhusu chupa. Kweli aliniambia. Lakini kuna namna ya kumwambia mtu.

Nilirudi dukani mbio. Nikafumba la kushoto, nikainua lenzi ya Mzee Maingi, na pale, pale kabisa, katikati yake ilikuwa inaningoja. Nililia kidogo. Macho yote mawili safari hii. Nikamkatia upya, akatoka barabarani, akarudi akasema barabara ni moja. Sasa najua mimi ni nani! Katika Eastlands yote, ni fundi gani mwingine amepigana na wadudu wakali namna ile akawashinda? Nataka kuliandika kwenye kibao cha duka.

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Siku kubwa. Wino mwekundu.

Nimejifunza, tena nimejifunza sana. Jicho ni kitu cha hatari, si cha kuchezea. Nimeachana kabisa na mambo ya macho ya rangi. Nimemweleza Asenath hivyo asubuhi, naye akanipa kipande cha kuku wake, aliyemchinja jana.

Mchana nilipita Eastleigh kwa Aweys kununua fremu, fremu tu. Alikuwa na kijisanduku kingine. Vifuniko vya meno, rangi ya dhahabu, vinang'aa mpaka mtu anafumba macho! Hakuna mtu Umoja mwenye jino la namna hiyo. Aweys akasema havivaliwi hivihivi, mtu aende kwanza kwa daktari wa meno, na gundi yake iko kando. Gundi ya kununua! Wakati mimi nina mtungi mzima wa ile ninayogandishia fremu, ambayo haijawahi kuachia hata mara moja.

Nitaanza na meno yangu mawili ya mbele, kesho, kabla Asenath hajaamka. Na safari hii hakuna cha kuogopa. Meno hayana konea.